Matoleo mapya kila siku kwenye seva ndogo: ubadilishe ndani ya Tomcat, au uzime mchakato mzima?

Timu nyingi ndogo zinazotengeneza mifumo hapa Mwanza hufanya kazi kwa mtindo unaofanana. Seva ni ya kukodi, RAM 2 au 4 GB, na Tomcat moja, programu inayoendesha mifumo ya Java, imebeba mifumo ya wateja kadhaa: mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, SACCOS ya walimu, duka la dawa, pengine na tiketi za boti ya Ukerewe. Mteja anapiga simu saa nne asubuhi, anataka risiti ionyeshe uzito wa gunia pamoja na bei ya kilo. Saa tano toleo jipya limeshapanda. Mchana linapanda jingine, kwa mteja mwingine. Wiki ikikaribia kuisha seva inaanza kuburura miguu, na siku moja haipatikani kabisa.

Ukiuliza ufanyeje, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kubadilisha mzoa taka wa Java (sehemu inayofuta kwenye kumbukumbu visivyotumika tena) au kuongeza RAM. Yote mawili yana mahali pake, lakini yanaruka uamuzi ulio mkubwa zaidi: toleo jipya linapoingia, mchakato wa Java ubaki hai au ufe? Hapa nalinganisha njia nne za kupandisha toleo, kisha wazoa taka wanaokuja na Java, nikizingatia seva ndogo za namna yetu. Msimamo wangu nautoa mapema: anayepandisha matoleo mara kwa mara auache mchakato ufe. Zipo hali chache ambazo ushauri huo haufai, nazo nitazifikia.

Kinachobaki toleo la zamani likiondoka

Kila mfumo ulio ndani ya Tomcat hupewa kipakia klasi chake, ambacho husoma faili za WAR (kifurushi cha mfumo) na kuzigeuza kuwa klasi, vipande vya programu, zinazotumika ndani ya JVM, yaani mchakato wa Java wenyewe. Ukipandisha toleo jipya bila kuzima Tomcat, kipakia kipya kinaundwa na cha zamani kinaachwa. Mzoa taka anaruhusiwa kukiondoa hicho cha zamani na klasi zake zote kwa sharti moja gumu: kusiwe na kitu chochote hai kinachokishikilia. Kila kitu kilichoundwa kwenye kumbukumbu kinaijua klasi yake, kila klasi inakijua kipakia chake, na kipakia kinazijua klasi zote kilizowahi kupakia. Mpangaji anaweza kuhama nyumba nzima pale Pasiansi akaacha kabati moja tu limefungwa kwa kufuli sebuleni, na mwenye nyumba asiweze kuipangisha tena. Ndivyo kitu kimoja cha baiti chache kinavyozuia maelfu ya klasi za toleo la zamani zisiondoke.

Wanaoshikilia wanajulikana. Draiva ya hifadhidata ikiwa ndani ya WEB-INF/lib hujisajili kwa DriverManager, ambayo ni ya JVM nzima na haiondoki mfumo wako ukiondoka. Uzi (kazi inayokwenda sambamba ndani ya mchakato) uliouanzisha mwenyewe wa kutuma SMS kila baada ya dakika tano unaendelea kuzunguka, na unaposhikilia kazi yake unaishikilia klasi ya kazi hiyo. Thamani uliyoiweka kwenye ThreadLocal, hifadhi ya kila uzi peke yake, inabaki juu ya uzi wa Tomcat, kwa kuwa uzi huo ni wa kundi la pamoja na unahudumia maombi mengine. Draiva ya MySQL nayo ina uzi wake wa kusafisha miunganisho iliyotelekezwa, AbandonedConnectionCleanupThread. Huo umeshawasumbua watu wengi kwa sababu hakuna anayekumbuka kuuzima. Ulianzishwa na draiva, si na msimbo wake mwenyewe.

Mpaka Java 7, klasi zilikaa kwenye eneo lililoitwa PermGen lenye ukubwa maalumu. Lilipojaa, Tomcat iliandika `OutOfMemoryError: PermGen space` na kila mtu alijua kilichotokea. Java 8, iliyotoka Machi 2014, iliifuta PermGen na kuhamishia taarifa za klasi kwenye Metaspace, iliyo nje ya hipu (eneo la vitu vya mfumo), kwenye kumbukumbu ya mashine yenyewe. Metaspace haina kikomo usipoiwekea. Wengi walishangilia wakidhani tatizo limekwisha, kumbe limehama tu. Leo kipakia kilichokwama hakigongi ukuta wa Java. Kinaendelea kula RAM ya mashine mpaka Linux yenyewe inaamua kuua mchakato mmoja ili ipumue. Linux huangalia zaidi nani anatumia kumbukumbu nyingi, kwa hiyo anayeuawa anaweza kuwa Java, au ikawa MySQL yenye data ya mteja. Hilo la pili ni baya kuliko kosa lolote la PermGen. Ndiyo maana nasema mfumo wa Java 8 na kuendelea unaopandishwa mara kwa mara unahitaji uangalizi zaidi ya ule wa zamani.

Njia ya kwanza: kubadilisha ndani ya Tomcat iliyo hai

Unaweka WAR mpya kwenye folda ya webapps au unaipakia kupitia ukurasa wa Manager, na Tomcat inaondoa toleo la zamani na kuweka jipya. Uzuri wake ni dhahiri. Mifumo ya wateja wengine haiguswi, mashine haigharamii kuiwasha JVM upya, na msimbo wa Tomcat ambao JVM imeshautafsiri kwa kasi unaendelea kutumika. Kwa mwenye Tomcat moja na RAM 2 GB, njia hii inaonekana ndiyo pekee inayowezekana.

Tomcat yenyewe imejitahidi sana kupunguza madhara. Toleo la 6.0.24 la mwaka 2010 lilianza kugundua uvujaji, na Tomcat 7 ikaongeza zaidi. Sasa inafuta usajili wa draiva zilizosahaulika, inazifanya upya nyuzi za kundi lake taratibu ili ziachane na ThreadLocal za zamani, na inaandika onyo kwenye logi kwamba mfumo fulani umeanzisha uzi wenye jina fulani na haukuuzima. Naomba onyo hilo lisomwe. Linakupa jina la uzi, na jina la uzi mara nyingi linatosha kukuonyesha mstari wa msimbo unaohusika.

Kazi ya usafi upande wako si kubwa. Draiva ya hifadhidata ihamishe kutoka WEB-INF/lib kwenda folda ya lib ya Tomcat, ili iwe mali ya Tomcat na isifungamane na toleo lolote. Kundi la miunganisho lifafanuliwe kwenye usanidi wa Tomcat, si ndani ya mfumo. Andika `ServletContextListener`, na ndani ya `contextDestroyed` uzime kila ulichokiwasha: ExecutorService, Timer, mteja wa foleni za ujumbe, kazi za ratiba. ThreadLocal iondolewe kwa `remove()` ndani ya `finally`, ombi linapokwisha.

Shida ni kwamba usafi huo hauwi wa mara moja. Ukiongeza maktaba ya kutengeneza PDF wiki ijayo, nayo ikawa na uzi wake wa siri, umerudi ulikotoka, na hutajua mpaka wiki tatu baadaye. Kwa hiyo anayechagua njia hii achague na kipimo chake. Pandisha WAR ileile, bila kubadilisha chochote, mara kadhaa mfululizo kwenye mashine ya majaribio. Kila mara fungua kurasa chache ili klasi zipakiwe kweli. Kisha lazimisha uzoaji kamili kwa `jcmd PID GC.run` (PID ni namba ya mchakato), na uangalie `jstat -class PID`. Safu ya klasi zilizoondolewa isipopanda hata baada ya uzoaji huo, kuna kinachoshikilia. Kwenye Java 9 na kuendelea, `jcmd PID VM.classloader_stats` inakuonyesha vipakia vyenyewe. Ukiona vipakia vitano vya mfumo mmoja wakati kinachopaswa kuwa hai ni kimoja, umepata jibu. Kumjua anayeshikilia, chukua picha ya hipu kwa `jcmd PID GC.heap_dump FAILI`, ifungue kwenye Eclipse MAT, tafuta kipakia cha zamani, na uiombe programu ikuonyeshe njia ya kutoka hapo hadi kwenye mizizi. Jina la kwanza utakaloliona juu kabisa ndilo la kufuatilia.

Ukurasa wa Manager pia una kitufe cha kutafuta uvujaji. Kinafaa, ila kinachochea uzoaji kamili, kwa hiyo usikibonyeze asubuhi wakati Mwaloni pamechangamka.

Njia ya pili: matoleo mawili sambamba ndani ya Tomcat ileile

Tangu Tomcat 7 unaweza kuweka `mizani##001.war` na `mizani##002.war` kwa pamoja. Aliyekuwa ameingia anaendelea na toleo la kwanza mpaka sesheni yake (kipindi alichoingia kwenye mfumo) iishe. Anayeingia sasa anapewa la pili. Ukiweka `undeployOldVersions="true"` kwenye Host ya usanidi wa Tomcat, la zamani linaondolewa lenyewe likishakosa watumiaji.

Kwa mtumiaji hii ndiyo njia ya upole kuliko zote. Karani wa SACCOS aliye katikati ya kujaza fomu ya mkopo hatupwi nje. Kwa RAM ni kinyume chake: matoleo mawili yanaishi kwa pamoja ndani ya hipu moja na Metaspace moja, na uvujaji wa njia ya kwanza uko palepale, kwa sababu kipakia cha zamani bado kinategemea kuondoka kwa usafi.

Kuna mtego mwingine ambao huonekana tu kwenye matumizi halisi. Ukurasa unaojisasisha wenyewe kila baada ya sekunde chache, kama ule wa kuonyesha mizigo inayoingia mizani, unatuma ombi kila mara, na kila ombi linaiamsha sesheni. Sesheni hiyo haiishi kamwe. Karani akiiacha kompyuta imewaka usiku kucha, toleo la zamani linabaki hai usiku kucha. Ukipandisha tena kesho yake, unakuwa na matatu. Mifumo yenye kurasa za namna hiyo isitumie njia hii.

Njia ya tatu: zima mchakato, washa mwingine

Hapa hakuna cha kubembeleza. Mchakato unapokufa, Linux inachukua kila kilichokuwa chake: hipu, Metaspace, nyuzi, miunganisho, hata vile usivyovijua. Uvujaji wa vipakia klasi unakosa maana, kwa kuwa kila JVM inabeba toleo moja tu maishani mwake. Spring Boot, zana ya kutengenezea mifumo ya Java yenye Tomcat ndani yake, imewazoesha wengi njia hii bila wao kuifikiria kama uamuzi wa kumbukumbu.

Gharama ni muda. Mfumo wa kati wa Spring Boot kwenye seva yenye CPU moja unaweza kuchukua nusu dakika au zaidi kuwaka, na dakika chache za kwanza unakuwa mzito kwa sababu JVM haijatafsiri msimbo unaotumika sana. Kupunguza hilo, Java 13 ilileta kumbukizi la klasi linaloandikwa mchakato unapozimwa, kwa `-XX:ArchiveClassesAtExit`, na Java 19 ikarahisisha zaidi kwa `-XX:+AutoCreateSharedArchive`. Linasaidia kuwaka haraka, na kwa mashine zetu ndogo tofauti inaonekana kwa macho.

Gharama nyingine ni kwamba ukiwa na Tomcat moja ya wateja wanne, kuizima ni kuwazima wote. Inabidi kila mteja awe na mchakato wake, na hapo ndipo watu wanaogopa RAM. Hofu hiyo ina msingi, ila mara nyingi inapimwa vibaya. JVM si hipu peke yake. Kuna Metaspace, kuna msimbo uliotafsiriwa, kuna rundo la kila uzi ambalo kwenye Linux ya biti 64 hutengewa 1 MB kwa chaguo-msingi, ingawa RAM inayotumika kweli ni sehemu iliyoguswa tu. Tomcat huruhusu nyuzi 200 usipoibadilisha. Mfumo wa duka la dawa lenye makarani watano hauzihitaji, 20 zinatosha. Ukiacha Java ijiamulie, itachukua hadi robo ya RAM ya mashine kama hipu kwa kila mchakato, na michakato minne ya namna hiyo inamaliza mashine kabla ya hifadhidata kupata chochote. Kwa hiyo `-Xmx`, kikomo cha hipu, iandikwe kwa kila mmoja, kulingana na mahitaji yake. Mfumo mdogo wa mauzo unaweza kuishi kwa hipu ya 256 MB. Pima, usikisie, kwa kuangalia hipu inayobaki baada ya uzoaji kamili na kuongeza nafasi ya kutosha juu yake.

Kwa wengi wetu, kuzima kwa nusu dakika kunavumilika kama saa imechaguliwa vizuri, na huku ziwani saa nzuri zinajulikana. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaribia kukamilika mitumbwi mingi hupumzika na mialo inapoa. Mfumo wa mnunuzi wa dagaa upewe mabadiliko makubwa siku hizo. Siku za giza, uguse kile kisichoweza kusubiri tu, na uguse mchana wakati mzigo wa alfajiri umeshapimwa. Mfumo wa tiketi uangaliwe dhidi ya ratiba ya boti. SACCOS ya walimu isiguswe siku za mshahara. Kalenda hii ya wateja ina uzito kuliko vigezo vingi vya JVM nitakavyovitaja hapa chini, na haigharimu chochote.

Njia ya nne: michakato miwili kwa zamu, nginx mbele

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayeweza kuimudu. Mfumo unasikiliza kwenye mlango (port) 8081. Toleo jipya linawashwa kwenye 8082 huku la zamani likiendelea kuhudumia. Ukishathibitisha kwamba jipya linajibu, unabadilisha usanidi wa nginx, programu inayopokea maombi na kuyaelekeza kwenye mfumo, na kutoa amri `nginx -s reload`. Wafanyakazi wa zamani wa nginx wanamaliza maombi waliyoyashika, wapya wanaelekeza kwenye 8082. Kisha unautumia mchakato wa zamani ishara ya SIGTERM, ya kuuomba uzimike. Spring Boot 2.3 na kuendelea ina `server.shutdown=graceful`, inayoufanya mchakato umalize maombi yaliyo mkononi kabla ya kuzimika. Ukiona kasoro kwenye toleo jipya kabla hujauzima mchakato wa zamani, unarudi nyuma kwa mstari mmoja wa usanidi.

Ukiilinganisha na njia ya pili, utaona zinafanana kwa mtumiaji: hakuna anayekatizwa. Tofauti iko kwenye kumbukumbu. RAM ya matoleo mawili inahitajika kwa dakika chache tu za makabidhiano, na baada ya hapo la zamani linaondoka na kila kitu chake, pamoja na uchafu ambao mtengenezaji hakuujua. Kwenye seva ya 4 GB yenye hifadhidata inayotumia 1 GB, mfumo mmoja wenye hipu ya 768 MB unaweza kufika kama 1.1 GB kwa jumla. Mara mbili yake wakati wa makabidhiano bado inaingia, na mfumo wa uendeshaji unabaki na nafasi. Wenye mifumo minne midogo wanaweza kukabidhi mmoja mmoja, wasiifanye yote kwa wakati mmoja.

Masharti yake ni mawili, na yote yako nje ya Java. Sesheni zisikae ndani ya mchakato. Ziwekwe kwenye Redis (hifadhi ya data iliyo nje ya mchakato) au kwenye hifadhidata, la sivyo kila makabidhiano yatawatoa watu nje na kuwataka waingie upya. Na mabadiliko ya majedwali ya hifadhidata yafanywe kwa hatua: kwanza ongeza safu mpya, pandisha toleo linaloitumia, na safu ya zamani ifutwe kwenye toleo linalofuata. Matoleo mawili yatakuwa yanaandika kwenye majedwali yaleyale kwa dakika kadhaa, na lolote kati yao likikuta safu imetoweka litaanguka.

Na mzoa taka?

Kwanza niondoe matumaini yasiyo na msingi: hakuna mzoa taka anayetibu uvujaji. Anaondoa kisichoshikiliwa na yeyote. Kipakia kilichoshikwa na uzi ulio hai si taka machoni pake. Ukichagua njia ya tatu au ya nne, uchaguzi wa mzoa taka unabaki kuwa wa kasi na RAM tu. Ukichagua ya kwanza au ya pili, unakuwa pia uchaguzi wa lini klasi za zamani zinaondolewa.

Serial hufanya kazi kwa uzi mmoja na husimamisha mfumo mzima anapozoa. Ana gharama ndogo kuliko wote kwa RAM, na kwa hipu ya 256 MB kusimama huko ni kwa muda mfupi ambao karani hatauhisi. Wengi wanamtumia bila kujua. Wamesoma kwamba G1 ndiye chaguo-msingi tangu Java 9, lakini JVM ikijikuta kwenye mashine yenye CPU chini ya mbili, au RAM chini ya karibu 1.8 GB, inamchagua Serial. Angalia kwa `jcmd PID VM.flags` kabla ya kubishana.

Parallel, aliyekuwa chaguo-msingi la seva mpaka Java 8, anatumia nyuzi nyingi na anatoa kazi nyingi kwa jumla, ila naye husimamisha kila kitu. Anafaa kwa kazi za usiku, kama kukokotoa riba za wanachama wote wa SACCOS mwisho wa mwezi. Yeye na Serial huondoa klasi kwenye uzoaji kamili pekee.

G1 hutia alama vitu vilivyo hai huku mfumo ukiendelea, na hulenga kusimama kusizidi milisekunde 200. Tangu Java 8 toleo la 40 anaweza kuondoa klasi mwishoni mwa kutia alama, bila kusubiri uzoaji kamili, na hilo ndilo linalompa nafasi mbele ya wawili waliotangulia kwa anayepandisha ndani ya Tomcat iliyo hai. Tangu Java 12 anaweza pia kurudisha kwa mashine hipu isiyotumika mfumo ukiwa umetulia, ukiweka `-XX:G1PeriodicGCInterval`. Kwa hipu ya 1 GB na kuendelea, yenye CPU mbili, sioni sababu ya kutafuta mwingine.

ZGC, aliyeruhusiwa kwa kazi halisi kuanzia Java 15 mwaka 2020, husimama chini ya milisekunde moja hata kwenye hipu kubwa mno. Bei yake ni CPU inayofanya kazi pembeni muda wote, nafasi zaidi ya hipu, na anwani zisizobanwa ambazo zinavifanya vitu vile vile vichukue RAM zaidi. Kwa seva ya 4 GB hiyo ni gharama isiyo na faida. Shenandoah, aliyekomaa kwenye Java 15 hiyohiyo, ana lengo linalofanana. Wote wawili ni wa mashine kubwa kuliko tunazokodi wengi wetu.

CMS namtaja kwa sababu moja. Aliondolewa kwenye Java 14, na bado yumo kwenye faili za kuwashia zinazonakiliwa kutoka mradi hadi mradi. Ukihamia Java 17 ukiwa na `-XX:+UseConcMarkSweepGC` au `-XX:MaxPermSize` kwenye faili hilo, JVM inakataa kuwaka kabisa. Safisha faili kabla ya siku ya kuhama.

Kuna vigezo viwili vinavyostahili kuwekwa na kila mmoja, njia yoyote aliyoichagua. `-XX:MaxMetaspaceSize` iwe juu kiasi ya matumizi ya kawaida. Mfumo unaotumia 120 MB mpe 192 au 256. Haizuii uvujaji, lakini inahakikisha anayeanguka ni JVM yenye kosa, ikiwa na ujumbe unaosomeka, si hifadhidata iliyo jirani yake. Pamoja nayo weka `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError` na `-XX:+ExitOnOutOfMemoryError`, na kwenye systemd, inayosimamia huduma za Linux, andika `Restart=on-failure`. Mchakato utaacha picha ya hipu, utazimika, na utawashwa upya bila mtu kuamshwa usiku. Hakikisha diski ina nafasi; picha hiyo inaweza kukaribia ukubwa wa hipu yenyewe.

Cha pili ni `-XX:MetaspaceSize`, ambacho wengi hukichanganya na kile cha kwanza. Hiki ni kizingiti cha kuanzia, karibu 21 MB kwenye seva ya biti 64, na Metaspace ikikivuka uzoaji unachochewa. Mfumo wa Spring unakivuka mapema sana wakati wa kuwaka, na kwa Serial au Parallel kila kuvuka ni uzoaji kamili. Kikiwekwa karibu na matumizi ya kawaida, kuwaka kunakuwa kwepesi.

Nani achague ipi

Mwanafunzi au mtengenezaji aliye na kompyuta yake Malimbe, anayebadilisha msimbo kila dakika chache, apakie ndani ya JVM iliyo hai kwa Spring Boot DevTools au kwa kubadilisha miili ya metodi kupitia kidibaga (debugger). Uvujaji kidogo haumdhuru; akiona kompyuta nzito, awashe upya. DevTools isifike kwenye seva ya mteja.

Mwenye Tomcat moja ya wateja wengi kwenye 2 GB, asiyeweza kukodi kubwa zaidi kwa sasa, abaki na njia ya kwanza, lakini afanye usafi wa draiva na nyuzi, aweke kikomo cha Metaspace, na awashe Tomcat upya kwa ratiba usiku, mara moja kwa wiki. Kuwasha kwa ratiba hakuponyi kasoro, ila kunampa muda wa kuitafuta bila wateja kuumia. Pesa ikipatikana, kitu cha kwanza kununua ni RAM ya kuwatenganisha wateja, kuliko CPU ya kasi.

Mashine ikiwa ofisini kwa mteja, iwe Nansio au Sengerema, ikitumiwa na watu walio humo humo, njia ya tatu inatosha. Zima jioni baada ya kufunga hesabu, washa, subiri uone ukurasa wa kuingia, uondoke.

Mfumo unaopokea malipo ya simu hauna nafasi ya kuzimwa hata nusu dakika wakati wa kazi, kwa sababu taarifa ya malipo inaweza kuingia wakati huohuo na mteja akabaki amekatwa pesa bila risiti. Huo upewe njia ya nne, G1, hipu yenye `-Xms` (ukubwa wa kuanzia) na `-Xmx` zinazolingana, na msimbo wa kupokea taarifa uandikwe hivi kwamba taarifa ileile ikifika mara mbili inarekodiwa mara moja. Kabla ya kuzima mchakato wa zamani, angalia kwenye logi yake ombi la mwisho liliingia saa ngapi. Likiwa limetangulia saa ya `nginx -s reload` na limeshajibiwa, tuma SIGTERM.